Kufundisha kemia isokaboni chuo kikuu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa zaidi na wahadhiri wasaidizi wanaokabidhiwa kozi kwa mara ya kwanza, na wanafunzi wa uzamili wanaosimamia maabara. Nimeyajibu kwa namna ninavyofundisha mwenyewe. Idara yako inaweza kuwa na taratibu zake. Zikigongana na haya, kaa na mkuu wa idara mzungumze.

Nimekabidhiwa kozi ya mwaka wa kwanza wiki mbili kabla ya muhula kufunguliwa. Nianzie wapi?

Anzia kwenye kabati la maabara. Kabla hujaandika slaidi hata moja, mfuate fundi wa maabara mkague pamoja: chumvi gani za metali zipo, asidi gani, nini kimekwisha muda wake, nini kimegandia chupani. Mafundi hawa wanajua mengi kuliko daftari la stoo, na ukiwaendea kwa heshima watakutolea hata chupa uliyoambiwa haipo. Ukikuta mrututu (shaba salfeti), kobalti kloridi, nikeli salfeti, amonia na asidi ya haidrokloriki, tayari una vitu vya kuonyesha muhula mzima.

Baada ya hapo ndipo ushike muhtasari wa kozi, na kalamu nyekundu mkononi. Mihtasari mingi tuliyorithi hutembea kwenye jedwali la elementi kundi baada ya kundi, kuanzia haidrojeni hadi gesi adimu, kila kundi na orodha yake ya mimenyuko. Mhadhiri hufurahi kwamba amemaliza silabasi. Mwanafunzi hubaki na daftari nene.

Kwa nini wanafunzi husema somo hili ni la kukariri tu?

Kwa sababu tunalifundisha hivyo. Kwenye kemia ya kaboni mwanafunzi hupewa njia chache za mmenyuko ambazo zinamtosha kwa mamia ya kampaundi. Kwenye kemia umbo (ya kifizikia) hupewa milinganyo. Akija kwetu anakuta elementi zaidi ya mia moja, kila moja na tabia zake, na hakuna anayemwambia kipi kinamsaidia kubashiri kipi. Anafanya anachofanya mtu yeyote mwenye akili timamu: anatafuta desa, anameza, anatapika kwenye chumba cha mtihani.

Dawa ni kuhakikisha kila nadharia inatanguliwa na jambo linaloihitaji. Kwa kawaida tunafanya kinyume. Tunatoa wiki tatu za obitali (maeneo elektroni zinamokaa kuzunguka atomu), kisha tunasema: kwa hiyo mrututu ni wa bluu. Mwanafunzi hakuwa amejiuliza kwa nini mrututu ni wa bluu, hivyo jibu halina pa kukaa. Mpe kwanza mrututu wenyewe. Aupashe moto ugeuke mweupe. Adondoshee maji, bluu irudi. Ayeyushe kidogo kwenye maji, atie matone machache ya amonia apate mashapo ya bluu hafifu, aendelee kutia hadi mashapo yayeyuke na kimiminika kiwe bluu iliyokolea ya kushangaza. Metali ni ileile na chaji ni ileile; kilichobadilika ni vitu vilivyoizunguka. Hapo swali limezaliwa, na wiki zile tatu za obitali zimepata kazi.

Historia ya Werner ina faida gani? Si ni kupoteza muda wa kipindi?

Mimi ningepunguza kitu kingine chochote kabla ya kuigusa hii, mradi tu usiisimulie kama historia.

Mwaka 1893 Alfred Werner, kijana wa miaka 26 aliyekuwa Zürich, alikuwa na data zilezile walizokuwa nazo wenzake. Nyingi zilitoka kwa mpinzani wake, Sophus Mads Jørgensen wa Copenhagen, fundi hodari wa kutengeneza kampaundi. Kulikuwa na kampaundi za kobalti zenye kloridi tatu na amonia kwa idadi tofauti. Yenye amonia sita ilikuwa ya njano inayoelekea machungwa, yenye tano ya zambarau, yenye nne ya kijani. Ukizitia nitrati ya fedha, ya kwanza huachia kloridi zote tatu kama mashapo meupe, ya pili huachia mbili, ya tatu huachia moja. Zilizobaki zimekwenda wapi?

Andika data hizo ubaoni bila jina la mtu, uwaache wakae wawili wawili kwa dakika ishirini. Usitaje ligandi (kitu kinachoshikamana na metali), usitaje namba ya uratibu (idadi ya vilivyoshikamana nayo). Utasikia mengi. Wapo watakaosema kobalti imebadilisha chaji, wapo watakaosema amonia "inazuia" kloridi. Usimkatize mtu, muulize tu, "Ukisema hivyo, kampaundi yenye amonia tano itapitisha umeme kuliko yenye nne, au pungufu?" Darasa likifika lenyewe kwenye wazo kwamba baadhi ya kloridi zimeshikwa moja kwa moja na metali na nyingine ziko nje, umeokoa mihadhara miwili.

Kisha nenda hatua ya pili, ile inayowapendeza zaidi. Vitu sita vinaweza kuizunguka metali kwa umbo la pembesita bapa, au la mche pembetatu, au la oktahedroni. Kwa kampaundi yenye amonia nne na kloridi mbili, maumbo mawili ya kwanza yanatoa isomeri (mipangilio tofauti ya vitu vilevile) tatu kila moja, na oktahedroni inatoa mbili tu. Wape udongo wa mfinyanzi na vijiti vya mishikaki wahesabu wenyewe. Ile ya kijani ilikuwa inajulikana. Werner alisisitiza kwamba ipo ya pili, na mwaka 1907 akaitengeneza, ya rangi ya urujuani. Tuzo ya Nobel ilimfuata mwaka 1913. Mwaka uliofuata akatoa kampaundi isiyo na kaboni hata chembe ambayo bado ilizungusha mwanga wa polaraizi, na ubishi kwamba sifa hiyo ni mali ya kaboni peke yake ukaisha.

Ukitaka kuonyesha jaribio la nitrati ya fedha, angalia maji kwanza. Maji ya visima vingi vya Dar es Salaam na mwambao yana chumvi, na nitrati ya fedha itatoa weupe hata kwenye glasi isiyo na kampaundi yoyote. Tumia maji yaliyokenekwa, na bado weka tone la maji matupu pembeni kama kipimo cha kulinganishia. Matone juu ya karatasi ya plastiki angavu iliyowekwa kwenye kitu cheusi yanatosha. Nitrati ya fedha ni ghali, hakuna haja ya kumimina kwenye neli.

Nadharia ya uga wa fuwele: nifanyeje waelewe badala ya kuchora mistari mitano tu?

Tatizo la kwanza ni kwamba wengi wanaamini kampaundi "inatoa" rangi, kama taa. Lisipoondoka hilo, mengine yote yanajengwa juu ya mchanga. Weka mmumunyo wa mrututu mbele ya mwanga mweupe uliopita kwenye prizimu, waone upande mwekundu unavyopungua. Kinachofika jichoni ni mabaki.

Kisha chukua mfano wenye elektroni moja tu ya d (zile obitali tano za mistari mitano, ambazo ligandi huzitenga katika ngazi mbili za nishati), ioni ya titaniamu yenye chaji tatu ndani ya maji. Inafyonza zaidi karibu na nanomita 493, yaani eneo la bluu-kijani, inaacha nyekundu na urujuani zipite, na mmumunyo unaonekana zambarau. Mwambie mwanafunzi abadili urefu huo wa wimbi kuwa nishati kwa moli. Atapata takribani kilojuli 243. Muulize analinganishaje hiyo na nishati ya kuvunja muungano wa Cl–Cl. Ni karibu sawa! Tangu hapo pengo kati ya mistari miwili ubaoni linakuwa na uzito mkononi mwake.

Halafu vito. Hapa Tanzania tuna bahati ambayo vitabu vya Ulaya havina. Longido hutoka rubi, na kando ya Ziwa Manyara huchimbwa zumaridi. Rubi ni oksidi ya alumini ambamo kromiamu kidogo imechukua nafasi ya alumini. Zumaridi ni berili, na ndani yake kromiamu hiyohiyo yenye chaji tatu imechukua nafasi ya alumini vilevile. Katika yote mawili imezungukwa na oksijeni sita. Basi kwa nini moja ni jekundu na jingine la kijani? Kwa sababu uga unaoizunguka kromiamu ndani ya rubi una nguvu zaidi kidogo, pengo linapanuka, mikanda ya ufyonzaji inasogea, na dirisha linaloachwa wazi linahama kutoka kijani kwenda nyekundu. Swali hili nimeliona likiamsha hata safu ya nyuma kabisa.

Wengi huniuliza kuhusu tanzanaiti, maana kila mtu anaijua Merelani. Iache hadi mwaka wa tatu. Jiwe hilo huonyesha rangi tofauti kwa kila upande unaoliangalia, na mengi yanayouzwa yamepashwa moto ili ukahawia utoke. Ni utamu mtupu, lakini ukianza nalo utatumia kipindi kizima kueleza mambo ambayo bado hayana msingi.

Kuna nadharia tatu za muungano kwenye muhtasari: ya valensi, ya uga wa fuwele na ya obitali za molekuli. Nifundishe zote?

Ya valensi, ile yenye mahuluti (obitali zilizochanganywa) ya d²sp³, ningeitaja kwa dakika kumi. Haielezi rangi, na wanafunzi huishia kuchora visanduku.

Uga wa fuwele, ulioanzishwa na Hans Bethe mwaka 1929, uufundishe kwa kina kwa sababu unabashiri sumaku na rangi kwa gharama ndogo. Chuma chenye chaji mbili kikizungukwa na maji kina elektroni nne zisizo na wenza. Kikizungukwa na sianidi hakina hata moja. Hilo linapimika kwa mizani na sumaku.

Kisha uuvunje mbele ya macho yao. Nadharia inasema ligandi ni chaji hasi tu zinazosukuma elektroni za metali. Sasa angalia mfululizo wa ligandi, yaani zilivyopangwa kwa uwezo wa kupanua pengo: haidroksidi yenye chaji hasi iko chini ya maji yasiyo na chaji, na kaboni monoksidi, isiyo na chaji kabisa, iko kileleni. Kwa mantiki ya nadharia ingekuwa kinyume. Mwanafunzi anayeona ufa huo mwenyewe ataipokea nadharia ya obitali za molekuli kama msaada; aliyepewa tu kwa sababu "ndiyo sura inayofuata" ataiona adhabu.

Na kaboni monoksidi ina habari nzito ya nyumbani. Kila msimu wa baridi tunasikia watu waliolala na jiko la mkaa chumbani, milango imefungwa, hawakuamka. Gesi hiyo hushika chuma cha himoglobini zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Eleza namna metali inavyorudisha elektroni kwenye obitali tupu za ligandi hiyo, na muungano unavyoimarika pande zote mbili. Hutahitaji kuwaomba wakae kimya.

Ulinganifu na nadharia ya makundi vinawatisha. Viepukwe?

Mwaka wa kwanza, ndiyo. Mwaka wa tatu havikwepeki, lakini usianze na majedwali ya herufi (character tables). Anza na vitu: ndala moja, mkasi, kikombe chenye mkono, pindo la kanga. Wataje mihimili na vioo wanavyoviona. Kisha maji, amonia, BF3, XeF4. Mwalimu anayeruka hatua hii na kwenda moja kwa moja kwenye hisabati atapata wanafunzi wanaojaza jedwali kwa ufasaha bila kujua wanajaza nini.

Muhimu zaidi ni kuwaonyesha mapema malipo yake. Una kampaundi yenye kaboni monoksidi nne na ligandi nyingine mbili. Ni ya cis (hizo mbili zikiwa jirani) au ya trans (zikikabiliana)? Pima infraredi. Cis inatarajiwa kutoa mikanda minne ya CO, trans mmoja. Mashine imejibu swali la umbo, na nadharia ya makundi ndiyo iliyosoma jibu. Ukisema hivyo siku ya kwanza, watavumilia mengi.

Maabara yetu haina kemikali za kutosha. Nifanye majaribio gani?

Nenda sokoni. Sisemi kwa mzaha. Mrututu huuzwa kwenye maduka ya pembejeo kwa sababu wakulima huutumia dhidi ya ukungu wa mimea. Shabu, yaani aluminiamu potasiamu salfeti, hupatikana kwa wauza dawa za asili, na ukiiyeyusha kwenye maji ya moto ukaiacha ipoe polepole inakupa fuwele nzuri zenye umbo la oktahedroni. Misumari, siki na chai ya rangi iliyokolea vinakupa wino mweusi, kampaundi ya chuma na tanini. Potasiamu pamanganeti iko duka la dawa.

Lakini jaribio ninalolipenda kuliko yote ni la magadi. Yale mabonge ya kijivu wanayotilia maharage na makande yalainike ni trona, na chanzo maarufu ni Ziwa Magadi nchini Kenya, ambako kampuni ya kuyachimba ilianza mwaka 1911. Kwa moli moja ya trona kuna moli moja ya sodiamu kabonati, moja ya sodiamu bikabonati na mbili za maji. Uzito wake ni gramu 226 kwa moli.

Mwanafunzi apime gramu 2.26, ayeyushe, ajaze maji hadi mililita 250, achukue 25 kwa pipeti. Aweke fenolfthalini na adondoshe asidi ya haidrokloriki ya 0.1 M. Kama magadi ni safi, rangi ya pinki itapotea kwenye mililita 10: kabonati yote imekuwa bikabonati. Sasa aongeze methili orenji na aendelee. Itageuka baada ya mililita 20 nyingine, kwa kuwa bikabonati iliyozaliwa imejumlika na ile iliyokuwepo. Kumi, kisha ishirini.

Halafu achukue gramu 2.26 nyingine, aziweke kwenye kruzibo na azipashe moto mkali hadi uzito usibadilike. Zitabaki gramu 1.59 hivi, karibu asilimia 30 imepaa kama mvuke wa maji na kaboni dioksidi, na kilichobaki ni kabonati tupu. Arudie titresheni ileile. Safari hii atapata 15, kisha 15. Mgawanyo umebadilika lakini jumla ni 30 ileile. Kwa nini jumla haikubadilika ilhali theluthi moja hivi ya mzigo imepotea? Waache wahangaike nayo. Jibu ni sodiamu: hakuna ioni hata moja ya sodiamu iliyopaa, na kila moja inamaliza asidi yake moja. Nimeona wanafunzi wakibishana juu ya hilo kuanzia mlango wa maabara hadi kituo cha daladala.

Bila shaka magadi ya sokoni si safi, na hapo ndipo pazuri. Kuna mchanga, kuna kloridi, kuna floridi. Namba hazitakaa sawasawa, na ripoti ya mwanafunzi inapaswa kueleza zimepotoka upande gani na kwa nini. Akitaka kuthibitisha kloridi kwa nitrati ya fedha, atie asidi ya nitriki kwanza, vinginevyo kabonati itamdanganya kwa mashapo yake. Kundi moja linunue magadi Kariakoo, jingine lije nayo kutoka kijijini, walinganishe. Na mwisho wa siku taka zote ni maji ya chumvi.

Na usalama? Chupa nyingine ni za zamani sana.

Volkano ya amonia daikromati, ile ya cheche za machungwa na majivu ya kijani, iachwe kabisa. Kromiamu yenye chaji sita husababisha saratani, na vumbi lake halichagui safu ya mbele wala ya nyuma. Sianidi isiingie maabara ya shahada ya kwanza kwa kisingizio chochote. Zebaki vilevile.

Mabaki ya kobalti na nikeli yasimwagwe kwenye sinki. Yakusanywe kwenye ndoo moja, yatiwe magadi ili metali zishuke kama kabonati, yachujwe, mashapo yawekwe kwenye chupa yenye lebo. Mrututu uliotumika unaweza kuutilia misumari, shaba ikajikusanya juu ya chuma. Hilo nalo ni jaribio. Punguza vipimo kadiri unavyoweza. Rangi inayoonekana kwenye mililita 2 haihitaji mililita 50.

Mifano ya Afrika Mashariki zaidi ya magadi?

Dhahabu kwanza. Njia ya sianidi ilipewa hataza mwaka 1887 na MacArthur pamoja na ndugu wawili wa ukoo wa Forrest kule Glasgow, na ndiyo kemia inayoendesha migodi mikubwa ya Kanda ya Ziwa hadi leo. Dhahabu haikubali kuoksidishwa na hewa. Sianidi ikiwepo inakubali, kwa sababu ioni inayozaliwa, yenye sianidi mbili kwa dhahabu moja, ni imara mno. Swali zuri la semina: kwa nini mgodi hutia chokaa nyingi kabla ya sianidi? Anayejua kwamba pKa (kipimo cha nguvu ya asidi) ya HCN, asidi ya sianidi, ni takribani 9.2 ataona mara moja kwamba bila alkali gesi ya sumu ingepaa na wafanyakazi wangekufa. Mlinganishie na zebaki ya wachimbaji wadogo, ambayo ni aloi tu inayochomwa, na mvuke wake unaishia mapafuni mwa mchomaji na familia yake.

Kisha floridi. Maji ya maeneo mengi ya Arusha na Bonde la Ufa yana floridi kupita kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha miligramu 1.5 kwa lita, na meno ya kahawia ya watu wa huko ni ushahidi wa wazi. Kituo cha Ngurdoto kimefanya kazi miaka mingi ya kuchuja maji hayo kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Kemia yake ni apataiti: haidroksidi inatoka kwenye fuwele, floridi inachukua nafasi yake. Mmenyuko huohuo ndio unaotokea kwenye jino. Mwanafunzi wa Meru hahitaji kuambiwa kwa nini jambo hilo ni muhimu.

Nifundishe kwa Kiingereza au Kiswahili?

Mtihani uko kwa Kiingereza, slaidi ziwe hivyo. Lakini kwenye semina, mtu akikwama, eleza kwa Kiswahili bila kuomba radhi, na mruhusu naye aulize kwa Kiswahili. Anayeogopa sarufi hataonyesha asichokielewa, na wewe utadhani darasa zima limeelewa.

Nina wanafunzi mia nne kwenye ukumbi mmoja. Majaribio ya mbele ya darasa yatawezekanaje?

Simu. Ifunge kwenye stendi juu ya sahani ndogo ya kioo, iunganishe na projekta, fanya jaribio kwa matone. Kobalti kloridi ya pinki inayogeuka bluu ukiitia asidi ya haidrokloriki kali inaonekana vizuri zaidi kwenye ukuta kuliko ilivyokuwa ukiinyanyua kwenye bika. Kabla ya kudondosha, wapigishe kura: itakuwa rangi gani? Mikono juu. Wakishakisia, wanaangalia kweli.

Kanuni za kutaja majina ya kampaundi: nitumie vipindi vingapi?

Kimoja, na mazoezi ya nyumbani. Hakikisha tu mnakubaliana kwamba tangu mapendekezo ya IUPAC ya 2005 kloridi kama ligandi huitwa "klorido", si "kloro" ya vitabu vya zamani, la sivyo wasahihishaji wenu watapingana.

Nitunge vipi mtihani usiojibika kwa desa?

Kwanza toa pepa za nyuma mwenyewe, hadharani. Zipo mikononi mwao tayari. Tofauti ni kwamba wasio na marafiki hawana. Ukishazitoa, utalazimika kutunga upya.

Kisha uliza maswali yenye data ambazo hawajaziona. Mfano: "Pamanganeti haina elektroni hata moja ya d kwenye manganizi, ilhali zambarau yake ni kali kuliko ya kampaundi nyingi za metali za mpito. Ioni ya zinki nayo haina nafasi ya elektroni kuruka ndani ya d, na haina rangi. Eleza." Aliyekariri kwamba rangi ni elektroni kuruka kati ya obitali za d atakwama papo hapo. Aliyeelewa atatafuta njia nyingine, atafika kwenye elektroni inayohama kutoka oksijeni kwenda manganizi, na hata asipofika, atapata alama kwa kutambua kwamba maelezo ya kawaida yamegoma. Weka alama za njia. Swali la namna hii likiwa na alama za jibu la mwisho tu, utapata sapu nusu ya darasa.

Wengi wa wanafunzi wangu wanasomea ualimu. Nibadilishe chochote?

Kila jaribio walilofanya, waandike namna watakavyolifanya kwenye sekondari ya kata isiyo na maabara. Jaribio la magadi linafika huko bila shida, ukibadilisha pipeti kwa bomba la sindano. Mitihani yao ya vitendo kidato cha nne ina titresheni na uchambuzi wa chumvi, na mwalimu aliyeshika mambo hayo kwa mikono yake anatambulika.

Wanatumia akili mnemba kufanya kazi za nyumbani. Nifanyeje?

Wape jibu la programu hiyo juu ya swali la isomeri au la idadi ya elektroni zisizo na wenza, walisahihishe wao kwa kalamu nyekundu na vijiti vya mishikaki mezani. Kwa kuona molekuli, waelekeze kwenye Avogadro, programu ya bure inayokwenda hata kwenye kompyuta dhaifu. Wewe mwenyewe pitia IONiC VIPEr, jukwaa ambalo wahadhiri wa kemia isokaboni wa Marekani hubadilishana mazoezi ya darasani. Mengi yanahitaji kubadilishwa mifano tu.

Muhula umekatika kwa sababu zisizotuhusu, na sijamaliza. Nikate nini?

Kata viwanda vya kundi la 13 hadi la 16; wape wasome, uliza swali moja. Kata mahuluti. Lanthanidi zipate mhadhara mmoja, wenye mkazo juu ya namna atomu zinavyosinyaa kadiri unavyovuka safu, kwa sababu hilo ndilo linaloeleza kwa nini zirkoniamu na hafniamu ni vigumu kutenganishwa. Alama za hali za elektroni (term symbols) ziende mwaka wa tatu. Isomeri, mfululizo wa ligandi na siku ya magadi visiguswe. Halafu mwandikie mhadhiri wa mwaka wa pili barua pepe fupi: tumeishia hapa, hiki na hiki hawajakisoma. Nakala kwa mkuu wa idara.